Uelewa wa afya kwa mtu mzima mwenye kisukari

Uelewa wa afya ni uwezo wa mtu kupata taarifa za afya, kuzielewa, kupima kama ni za kweli, kisha kuzitumia kuamua la kufanya. Kwa mwenye kisukari uzito wote uko kwenye kuzitumia. Daktari humwona dakika chache siku ya kliniki. Siku nyingine zote anaamua mwenyewe ale nini, ameze nini, na afanye nini jasho na mtetemeko vikimshika usiku.

Wengi huudhani kuwa ni kisomo cha darasani. Sivyo. Bahasha ya metformini, vidonge vya kushusha sukari, imeandikwa 1x2. Mwalimu mstaafu anaisoma bila shida, lakini kama hakuelezwa kuwa ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula, anaweza kumeza viwili kwa mpigo na tumbo tupu, tumbo likavurugika, akaacha dawa kabisa. Mama asiyejua herufi, ila aliyeelekezwa vizuri, atatibika vyema kuliko yeye.

Namba nazo zina mitego. Mashine inayopima kwa milimoli kwa lita ikisoma 7.2, ile ya miligramu kwa desilita itasoma kama 130, na sukari ni ileile. Anayeazima mashine ya jirani bila kujua hilo atapata hofu ya bure. Sukari ikishuka chini ya 4 kwa milimoli, hapo asisubiri: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Kipimo cha damu kiitwacho HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, kwa hiyo kujinyima chakula siku mbili kabla ya kliniki hakufichi kitu.

Mtafiti Don Nutbeam, mwaka 2000, aliueleza uelewa huu kwa ngazi 3: kufahamu maelezo ya msingi, kuweza kuzungumza na wahudumu na kuwauliza, na kuzipima taarifa zenyewe. Kwetu ngazi hii ya tatu ndiyo inayoniumiza zaidi. Ujumbe wa WhatsApp unaahidi mizizi inayomaliza kisukari, na mgonjwa ambaye sukari yake imetulia anaamini amepona, kumbe ni dawa zinafanya kazi. Mwenye kisukari aina ya 1, ambaye mwili wake hautengenezi insulini ya kutosha, akiacha insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Tena kuna dona: kweli ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini bado ni wanga, na sahani iliyojaa itapandisha sukari.

Lawama zote tusimtwishe mgonjwa. Nusu ya uelewa huu iko mikononi mwa anayeeleza. Kumwuliza mzee "umeelewa?" hakusaidii, atajibu ndiyo kwa heshima tu. Bora muuguzi amwambie, "Baba, ukifika nyumbani utaitumiaje dawa hii? Nieleze." Akikosea, aelezwe upya kwa namna nyingine. Na kama anatumia insulini, avute dozi yake palepale muuguzi akiona, kwa sababu insulini ya uniti 100 kwa mililita ikivutwa kwa sindano iliyotengenezwa kwa ile ya uniti 40, mgonjwa anajidunga mara mbili na nusu ya dozi aliyoandikiwa.