Chipukizi wa besiboli si "nyota aliyefeli"

Akitajwa mrushaji wa besiboli (yule anayemrushia mpigaji mpira) ambaye hakufika ligi kuu ya Marekani, utasikia mawili: ama "nyota wa zamani", ama "chipukizi aliyefeli". Yote mawili yanapotosha.

Maana yenyewe ni fupi. Chipukizi ni mchezaji aliyekwisha kusajiliwa na klabu ya ligi kuu lakini bado analelewa kwenye timu za ligi ndogo, akitarajiwa kupandishwa. Basi.

Mkanganyiko unaanzia kwenye hiyo ligi ndogo. Sisi tumezoea soka: timu ikifanya vizuri daraja la chini, inapanda yote, kocha na benchi lake. Besiboli ya Marekani haiendi hivyo. Timu ya ligi ndogo hata ikitwaa ubingwa kila msimu haipandi popote. Anayepanda ni mchezaji mmoja mmoja, klabu mama inapomwita. Tena wanaocheza huko si watoto wala si wa ridhaa. Wanalipwa, japo kiduchu. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza besiboli ya kulipwa miaka na miaka asionje ligi kuu hata siku moja.

Mchukue Steve Dalkowski, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka New Britain, Connecticut, aliyesajiliwa na Baltimore Orioles, klabu ya ligi kuu, mwaka 1957. Kwa kasi, wengi waliomwona walisema hawajapata kuona mfano wake. Kazi ilikuwa kujua mpira utaenda wapi. Mwaka 1960, akiwa timu ya ligi ndogo ya Stockton, California, aliwatoa wapigaji 262 kwa straiki tatu (straiki ni mrusho mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha) katika inningi 170, yaani zamu za wapinzani kupiga, kila moja hadi watatu watolewe. Katika inningi hizohizo akagawa beisi ya kwanza bure mara 262, kwa kurusha mipira minne nje ya eneo la kupigia. Sawasawa kabisa, kama vile alikuwa analipa deni.

Kwa hiyo wanaosema hakuwa na kipaji wanachanganya kasi na udhibiti. Kasi alikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Udhibiti ulikuwa unakuja: mwaka 1962 kwenye timu ya ligi ndogo ya Elmira, chini ya kocha Earl Weaver, alitoa wapigaji 192 na kugawa beisi za bure 114 tu, kwa inningi 160. Machi 1963 alikuwa ameshapimiwa jezi ya Orioles. Halafu, katika mechi ya maandalizi dhidi ya Yankees, kiwiko cha kushoto kikaumia, na kasi ile haikurudi tena. Alihangaika ligi ndogo hadi 1965.

Basi, ndugu zangu mnaoandika michezo, "nyota wa zamani wa Orioles" hapana, maana hakuwahi kuichezea mechi hata moja ya ligi kuu. "Aliyefeli" nayo iacheni. Andikeni tu: chipukizi wa Orioles aliyeumia kabla hajapandishwa.