Kurudi Amu kutoka ughaibuni: nyumba, hati na hesabu ya siku 90

Aliyeishi Maskati, Jeddah au London miaka mingi akiamua kurudi Amu (Lamu), mara nyingi huanza na kontena. Friji hununuliwa, makochi hununuliwa, kisha ndugu hupigiwa simu aangalie nyumba ya marehemu baba. Mpango huo umeanzia mwisho. Mizigo ina muda wake wa kisheria, na nyumba ya mawe ina muda wake wa kukauka. Usipopiga hesabu ya mida hiyo miwili kwa pamoja, vitu vitafika bandarini Mombasa nyumbani kukiwa hakuna pa kuviweka, na gharama ya kuvihifadhi huhesabiwa kwa siku.

Kwanza jua nyumba ina jina la nani. Si ajabu nyumba ya mtaa wa Mkomani au Langoni kuwa bado kwa jina la babu. Kwa familia ya Kiislamu mirathi hupelekwa Mahakama ya Kadhi, na warithi wote hutajwa, hata shangazi aliyeolewa Pate. Usitie fedha za ukarabati kabla ya mafungu kujulikana, kwa kuwa ukuta utakaoujenga upya utakuwa wa warithi wote. Uliza pia kama nyumba ni wakfu. Ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na swali hilo huulizwa kabla ya kulipa arubuni.

Kama una shamba au kiwanja kinachokaliwa na mtu mwingine, Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inamruhusu aliyekaa waziwazi miaka 12 mfululizo bila ruhusa ya mwenyewe kudai ardhi hiyo mahakamani. Binamu uliyemweka wewe mwenyewe hana dai hilo, maana yuko kwa ruhusa. Ila ruhusa ya mdomo ni ngumu kuithibitisha baada ya miaka 20. Andikeni karatasi ya ukurasa mmoja: nani amemruhusu nani, sehemu gani, kuanzia lini, na saini za mashahidi wawili. Binamu anaweza kuona haya, hata kukasirika kidogo. Afadhali haya ya leo.

Uraia nao unaingia hapa. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine kabla ya Katiba ya 2010 alipoteza wa Kenya, lakini Kifungu cha 14 kinampa haki ya kuurudisha akiomba. Mkenya wa kuzaliwa aliyechukua uraia mwingine baada ya hapo hakupoteza kitu, ila sheria ya mwaka 2011 inamtaka autangaze ndani ya miezi 3. Hili lina uzito kwa mwenye nyumba, kwa kuwa asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99.

Sasa nyumba yenyewe, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ukuta wa Amu ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, unene wake kama nusu mita. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kutokea kwenye plasta ya chokaa, ukakaukia hewani. Fundi akipiga saruji juu yake, unyevu hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo huganda nyuma ya plasta, huvimba, kisha saruji huanguka na kung'oa uso wa jiwe. Mwenye nyumba akiona hivyo hupiga saruji nene zaidi, na ukuta ukazidi kuharibika. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole kutoka chini hadi kimo cha kifua: penye mlio wa mtungi mtupu, plasta imeshaachana na jiwe.

Dawa ni kubandua saruji yote na kuuacha ukuta ukauke. Anza Desemba, kaskazi ikivuma na mvua zikiwa mbali. Ukuta wa nusu mita haukauki kwa wiki mbili. Chokaa izimwe mapema: tia chokaa kwenye maji, kamwe usimwagie chokaa maji, kwa kuwa huchemka na kuruka machoni. Iache ikae majini wiki kadhaa, na miezi ni bora. Changanya kipimo 1 cha chokaa kwa vipimo 3 vya mchanga. Mchanga wa ufuoni una chumvi, kwa hiyo uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo umerudisha ukutani ulichokuwa unakitoa. Kila tabaka lisizidi sentimita 1, na lifunikwe kwa magunia yenye maji lisikaushwe na jua kwa ghafla.

Kisha tazama dari. Vyumba vya Amu ni virefu na vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Boriti huozea pale kichwa chake kinapoingia ukutani, pasipoonekana. Choma hapo kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, boriti hiyo ibadilishwe hata kama katikati inang'aa. Boriti ni miti ya mikoko, na mikoko hukatwa kwa leseni ya Huduma ya Misitu, basi mwombe muuzaji akuonyeshe karatasi yake. Na kwa kuwa Mji Mkongwe wa Amu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kuongeza ghorofa, kubomoa ukuta au kung'oa mlango wa nakshi kunahitaji idhini ya ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa pamoja na ya kaunti.

Kwenye forodha, anayehamia nyumbani anaweza kuingiza vyombo vya nyumba alivyokuwa akivitumia, na gari moja, bila ushuru. Awe ameishi nje angalau miaka 2, na ziara zake za Kenya katika miaka hiyo zisifike siku 90 kwa jumla. Mtego uko hapo: anayekuja mara tatu kusimamia mafundi, kila mara wiki tano, amefika siku 105. Msimamizi awe mtu wa hapa, wewe uje kwa hesabu. Vitu viingie ndani ya siku 90 tangu ufike. Muda unaweza kuongezwa hadi siku 360, lakini kwa idhini ya kamishna wa forodha. Gari liwe lako, ulitumie miezi 12 kabla ya kuhama, na lisipite miaka 8. Kwa anayekaa Amu gari litalala Mokowe, ng'ambo ya bara, basi lifikirie mara mbili.

Bima ya afya ni SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) tangu Oktoba 2024. Asiye na mshahara hulipa kwa mwaka, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Laini ya simu uliyoiacha miaka mingi huenda ameshapewa mtu mwingine, kwa hiyo badilisha namba kwenye benki na eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) mapema.

Umeme wa Kenya ni volti 240, hezi 50. Vyombo vya Marekani vya volti 120 viuze huko huko. Vya Saudia vina volti zinazokaribiana lakini ni hezi 60, na mota ya mashine ya kufulia huenda isizunguke inavyotakiwa. Soma kibandiko nyuma yake.

Mzigo ukitoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Mwaka wa mvua kubwa Tana hufurika na kukata barabara upande wa Garsen, kwa hiyo usipange lori la Aprili au Mei. Kutoka Mokowe ni chombo cha baharini, kisha hamali na punda. Mwombe ndugu apime mlango wa daka (baraza ya kuingilia) ubao mmoja ukiwa wazi, halafu zote mbili, na kona ya ngazi pale inapogeuka. Kochi lisilopita ngazini litaishia kiwandani, yaani uani, na masika yatalikuta huko.