Uchumi Umebana Kisumu: Yanayosemwa na Yanayohesabika

Kaa nusu saa kwenye benchi la fundi wa simu pale Kondele, utapata wachambuzi wa uchumi wa kutosha. Mmoja anasema bei zitarudi chini kwa sababu serikali imetangaza hivyo. Mwingine anapanga kutupa laini ili deni limpotee. Wa tatu ameona kampuni za mtandaoni zikifungwa, na kwake biashara ya teknolojia imekwisha. Mimi natunza vitabu vya hesabu vya maduka madogo ya simu, saiba na mawakala wa M-Pesa mjini hapa. Nikiyaweka maneno haya kando ya daftari, mengi hayasimami. Karibu yote yana kasoro moja: watu wanauliza pesa ni ngapi, hawaulizi inaingia lini na inatoka lini.

"Mfumuko wa bei umeshuka, sasa bei zitashuka"

Hii inauma, kwa sababu anayeiamini huishia kujiona amedanganywa. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6. Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7. Mtu akisikia hivyo redioni anakwenda Kibuye Jumapili akitarajia nafuu, na nafuu haipo.

Asilimia hiyo haikuambii bei ziko wapi. Inakuambia zimepanda kwa kasi gani ndani ya mwaka mmoja. Boda ikipunguza mwendo haijarudi nyuma. Chukua kikapu kilichogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021. Mwaka mmoja baadaye kilikuwa 1,096. Oktoba 2023, mfumuko ukiwa asilimia 6.9, kikafika kama 1,171. Oktoba 2024 kikawa kama 1,203. Kwa hiyo ule mwaka uliosifiwa uliongeza shilingi 32 juu ya kikapu ambacho tayari kilikuwa ghali. Na huo ni wastani wa nchi nzima; kikapu chako cha unga, gesi na karo kina mwendo wake. Mwenye mshahara wa 2021 hadi leo hajarudishiwa chochote.

"Anayelipwa kwa dola hatikisiki"

Hapa kwetu dhana hii ilikaa sana kwa vijana wa kazi za mtandaoni, kuanzia hosteli za Maseno hadi vyumba vya kupanga vya Manyatta. Wanaandika maneno ya sauti zilizorekodiwa, wanaweka alama kwenye picha za kufundishia mashine, wanalipwa kwa dola. Shilingi ilipokuwa ikianguka mwaka 2023, hao ndio waliotucheka.

Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 hivi. Nchi ilikuwa na deni la hati fungani la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni, na wengi waliogopa halitalipika. Februari serikali ikauza hati mpya ya dola bilioni 1.5, ikanunua sehemu kubwa ya lile deni, hofu ikatulia. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu shilingi 129. Kijana aliyekuwa akipata dola 200 kwa mwezi alitoka shilingi 32,000 hadi 25,800. Saa za kazi ni zile zile, mteja ni yule yule, lakini 6,200 zimeondoka. Na Machi mwaka huo huo mtandao wa Remotasks ukafunga huduma zake Kenya, na waliokuwa wakiutegemea peke yake hawakuwa na pa kugeukia.

Jambo hilo hilo, ukiligeuza upande wa pili, liliwakaba wenye maduka ya simu. Simu ya dola 100 iliyoagizwa Januari ilimgharimu mwenye duka shilingi 16,000 kabla ya kodi na usafiri. Aliyeagiza ya aina hiyo hiyo miezi michache baadaye alilipa kama 13,000. Mteja anaingia, anauliza, "Boss, dola imeshuka, mbona simu haijashuka?" Haijashuka kwa sababu ile iliyo kwenye kabati la kioo ilinunuliwa kwa dola ya zamani, na duka la jirani lina za dola mpya.

Wenye maduka wengi niliowaona walingoja badala ya kushusha bei. Daftari linaonyesha mali ya laki tatu, mwenye duka anajihisi tajiri, lakini kodi ya chumba inadaiwa tarehe 5 na mwenye nyumba hapokei kava za simu. Ushauri wangu kwao haukupendwa: uza hata kwa hasara ndogo, uagize upya kwa bei ya sasa. Simu si shamba. Kila mwezi inayokaa kabatini, toleo jipya linaingia sokoni na ile yako inazidi kuwa ya kale.

"Fuliza si mkopo, ni pesa yangu ya kesho"

Fuliza, huduma ya kukamilisha malipo ya M-Pesa salio likiwa halitoshi, ilianza Januari 2019, na kuna watu ambao tangu hapo hawahesabu salio lao bila kuijumlisha. Ni mkopo. Safaricom inautoa pamoja na benki za NCBA na KCB. Unalipa asilimia 1 kila unapochukua, halafu ada ya kila siku deni likiendelea kukaa. Tangu Oktoba 2022, deni lisilozidi shilingi 1,000 halitozwi ada ya siku kwa siku tatu za kwanza.

Lakini ada si kiini cha tatizo. Ukichukua 1,000 asubuhi na kurudisha jioni, umelipa shilingi 10, na sijui mkopeshaji gani wa sokoni angekufanyia hivyo. Tatizo ni jinsi deni linavyojilipa. Pesa yoyote ikiingia kwenye M-Pesa yako, Fuliza inachukua yake kwanza bila kukuuliza.

Mtazame mama anayeuza omena. Asubuhi anafuliza 700 kumlipa aliyemletea mzigo kutoka Usenge. Saa saba mteja anamtumia 700 kwa namba yake ya kawaida. Simu inalia, anafungua ujumbe, salio ni sifuri. Jioni anataka nauli na unga, anafuliza tena. Kesho asubuhi mzigo mwingine umefika, na pesa ya jana imeshamezwa. "Hii simu inakula kabla yangu, kijana wangu," mmoja aliniambia huku akinionyesha ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mauzo yalikuwepo na faida ilikuwepo, ila hakuwa na neno juu ya nani alipwe kwanza.

Sasa hesabu. Asilimia 1 ya 700 ni shilingi 7. Shilingi 7 haimuumi mtu, ndiyo maana haijadiliwi. Akifuliza mara mbili kwa siku, siku 26 za soko, ni shilingi 364 kwa mwezi, na hatujagusa ada za siku. Kwa biashara ya kupima omena kwa gorogoro, hiyo ni pesa ya maana.

Kinachosaidia ni kutenganisha. Malipo ya wateja yaingie kwenye Pochi la Biashara au namba ya Lipa na M-Pesa, matumizi ya nyumbani yabaki kwenye laini yake. Deni litalipwa tu, lakini aliyeleta mzigo atalipwa kabla, na kesho ataleta tena.

"Asilimia 8 ni ghali kuliko asilimia 7.5"

M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012, ada ya mkopo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mfuko wa Hustler, ule wa mikopo ya serikali, ulipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, riba ilitangazwa kuwa asilimia 8 kwa mwaka. Nimewasikia watu wazima, wengine walimu, wakisema huo wa pili ndio ghali. Kopa 1,000 kwa siku 30: kwa kiwango cha kwanza unalipa shilingi 75, kwa cha pili kama shilingi 6 na nusu. Riba bila muda ni nusu ya habari, na mkopeshaji anapenda sana ukisoma nusu hiyo tu.

Mfuko wa Hustler una masharti yake, si zawadi. Asilimia 5 ya mkopo inawekwa akiba, kwa hiyo ukikopa 1,000 unapokea 950. Siku za kulipa ni 14, na ukizipita riba inapanda hadi asilimia 9.5. Viwango vya kuanzia ni vidogo sana kwa mwenye duka. Lakini kwa kuziba pengo la wiki moja, ni mkopo wa bei nafuu.

"Tupa laini, deni limekufa"

Halijafa. Mkopo umefungwa kwenye namba ya kitambulisho chako, na laini mpya utaisajili kwa kitambulisho hicho hicho.

Dhana pacha yake ni kwamba CRB, ofisi zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, ni orodha ya wakora, na ukiingia hutoki. Ofisi hizo zinaandika pia mikopo uliyolipa vizuri, na rekodi hiyo ndiyo inayomsaidia mtu kupata mkopo mkubwa baadaye. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka; iombe, maana makosa ya kuandikiwa deni ulilokwisha kulipa yapo. Tangu 2020 deni la chini ya shilingi 1,000 halipelekwi huko.

Na yule anayewapigia shemeji na mchungaji wako kuwaambia unadaiwa? Kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza jambo hilo waziwazi. Hifadhi ujumbe na rekodi za simu, upeleke malalamiko Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kudaiwa hakukuondolei haki hiyo.

"Kampuni zimefungwa, basi watu wa huku hawanunui mtandaoni"

Sendy, kampuni ya kusafirisha mizigo iliyoanza 2014, ilifunga mwaka 2023. Jumia Food, ya kuagiza chakula, ilifungwa mwisho wa mwaka huo huo. Copia, iliyoanza 2013 ikiuza bidhaa vijijini kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Ukiziangalia hizi tatu utadhani wateja walikimbia.

Wateja walikuwepo. Kilichokauka ni pesa ya kufidia hasara ya kuwahudumia. Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kutoka karibu sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Mwekezaji anayeweza kupata asilimia 5 kwa kuikopesha serikali ya Marekani akiwa amelala hana haraka ya kuleta dola zake huku. Sasa fikiria kifurushi cha shilingi 500 chenye faida ya 50, kinachohitaji boda ya 100 kutoka mjini hadi Mamboleo. Kila kifurushi ni hasara ya 50. Wateja wakiongezeka, hasara nayo inaongezeka. Hesabu kama hiyo inaishi mradi kuna mtu nyuma anayejaza pengo, na 2023 watu hao walipungua.

Mlinganishe na dada anayeuza viatu kwenye WhatsApp. Mteja yuko Busia. Analipa kwanza, analipia na usafiri, kiatu kinapanda matatu asubuhi na kinapokelewa mchana. Hana ofisi, hana mwekezaji, na pesa inaingia kabla haijatoka. Kwa maoni yangu huyo anaijua biashara ya teknolojia kuliko wengi waliowahi kusimama jukwaani na maikrofoni, ingawa hakuna atakayemwita kwenye kongamano.

"Mradi imesajiliwa, pesa yangu iko salama"

Imesajiliwa na nani, na kwa lipi? Amana za benki zinalindwa na KDIC, shirika la bima ya amana, hadi shilingi 500,000 kwa mteja katika kila benki, kiwango kilichopandishwa 2020 kutoka 100,000. Mifuko ya soko la fedha (money market), ambayo sasa kila mtu anaisifu, inasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, lakini haina kinga hiyo. Faida yake pia haikai pale pale. Februari 2024 riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 13, kufikia Aprili 2025 ilikuwa 10, na faida za mifuko zikafuata kwenda chini. Aliyepanga karo kwa asilimia ya 2024 imebidi apange upya.

Sacco nayo haiko chini ya KDIC. Ndani yake, akiba unaweza kuidai ukijiondoa, lakini hisa hurudishiwi. Unamhamishia mwanachama mwingine. Uliza ipi ni ipi kabla ya kutia sahihi. Mapema 2025 ukaguzi wa kampuni ya PwC katika KUSCCO, muungano ambamo sacco nyingi ziliweka pesa zake, ulionyesha shilingi bilioni 13.3 hazipo mahali pake. Kwa hiyo kwenye mkutano wa mwaka, swali la sacco yenu imewekeza wapi ni bora kuliko swali la soda.

Cheti cha usajili wa kampuni kinathibitisha jina tu. Ile miradi ya kuzidisha pesa inayozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, ukiweka 5,000 unaahidiwa 10,000 baada ya wiki mbili, mara nyingi ina cheti hicho na inakionyesha kwa fahari. Leseni ya kupokea akiba ya watu ni kitu kingine. Orodha ya benki na wakopeshaji wa kidijitali iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, ya mifuko kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na ya sacco zinazosimamiwa kwa SASRA, mamlaka ya kusimamia sacco. Kusoma zote tatu hakukuhitaji zaidi ya bando la siku moja.