Je, wajua kwa nini safari ya ndege huchosha ilhali umekaa tu?

Umekaa kwenye kiti kwa muda wa saa saba. Hukubeba mzigo, hukutembea, na chakula umeletewa hapo hapo ulipo. Lakini unashuka kichwa kikiwa kizito, macho makavu, viatu vinabana, na mtu akikuuliza swali dogo unamjibu kwa ukali bila kukusudia. Ukikaa sebuleni saa hizo hizo saba huwi hivyo. Kuna nini huko juu?

Ndege kubwa za abiria huruka mita 10,000 hadi 12,000 juu ya usawa wa bahari. Nje ya dirisha kuna baridi ya nyuzi 55 hivi chini ya sifuri, na hewa ni nyepesi kiasi kwamba mtu angezimia baada ya muda mfupi tu. Kwa hiyo ndani hujazwa hewa kwa mgandamizo. Ila haijazwi mpaka ifanane na hewa ya ufukweni, maana kadiri unavyoijaza ndivyo bodi la ndege linavyosukumwa kutoka ndani, na bodi imara zaidi ni bodi zito zaidi. Kanuni zinataka hewa ya ndani isiwe nyepesi kuliko ile ya mahali palipoinuka mita 2,400 hivi. Ndege mpya zaidi kama Boeing 787 na Airbus A350 huweka hali ya kama mita 1,800, na abiria wengi hukiri kwamba hushuka wakiwa na nafuu.

Maana yake ni kwamba muda mfupi baada ya kupaa mwili wako umepandishwa mlimani. Oksijeni katika damu hupungua kidogo. Mtu mwenye afya hapati madhara, ila moyo huongeza mwendo kufidia, na usingizi anaoupata ni wa juu juu. Gesi iliyo tumboni hutanuka karibu theluthi moja, ndiyo maana mkanda wa suruali unaanza kubana na pakiti ya biskuti kwenye begi inavimba. Maharage na soda kabla ya safari ni kujitafutia taabu. Unyevu nao hushuka chini ya asilimia 20, ukavu wa jangwani kabisa, kwa sababu hewa inayoingizwa kutoka nje karibu haina mvuke wowote. Koo linakwaruza, midomo inakauka, na anayevaa lenzi za macho anajuta. Ongeza ngurumo ya injini isiyokoma, ambayo masikio huacha kuisikia lakini ubongo hauachi kuishughulikia.

Kwangu mimi, kiini cha msongo wa ndegeni kipo hapa: moyo umeongeza mapigo kwa sababu ya hewa, tumbo limekaza kwa sababu ya gesi, nawe huna habari. Akili inaona dalili zile zile za woga, inaanza kutafuta cha kuogopa. Na ndegeni haikosi cha kuogopa, kwa kuwa kila sauti ni ngeni.

Basi tuzitaje sauti zenyewe. Kabla ya kuondoka, kama umepanda ndege ya jamii ya Airbus A320, unaweza kusikia kitu kama mbwa anayebweka chini ya sakafu. Hicho ni kifaa kinachosawazisha nguvu ya mafuta ya haidroliki (mafuta yaliyogandamizwa yanayoendesha mitambo ya ndege) kati ya mifumo yake miwili, na hufanya kazi hasa injini moja ikiwa imewashwa na nyingine bado. Sekunde chache baada ya kupaa unasikia mlio wa mtambo na kishindo: magurudumu yamekunjwa na milango yake imefungwa. Halafu, ndege ikiwa imefika mita mia tatu au nne na ushei, injini zinanyamaza ghafla na unahisi kama ndege inazama. Haizami, bado inapanda. Rubani amepunguza nguvu aliyoitumia kurukia. Kiungo cha mizani kilicho ndani ya sikio hupima mabadiliko ya mwendo, na kasi inapoacha kuongezeka kama mwanzo hukutafsiria kuwa unaanguka. Ile milio ya kengele nayo mara nyingi ni wahudumu wanaitana kwa simu, au abiria ameomba maji. Usiku taa huzimwa wakati wa kupaa na kutua ili macho yawe yamezoea giza kabla, iwapo italazimu kutoka kwa haraka. Hakuna aliyeona hatari, ni utaratibu wa kila siku.

Mtikisiko ndio unaowamaliza wengi. Mtu hudhani ndege imeporomoka mamia ya mita kumbe kwa kawaida ni mita chache. Na mabawa hayakatiki kirahisi: mwaka 1995 wahandisi walilikunja bawa la Boeing 777 kwa makusudi, ncha yake ikapanda zaidi ya mita 7 kutoka mahali pake, ndipo likavunjika, tena kwa asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa linaotarajiwa kuubeba angani. Hata injini zikizimika zote, ndege haidondoki kama jiwe. Mwaka 2001 Airbus A330 iliyoishiwa mafuta juu ya Atlantiki iliteleza hewani dakika 19 hivi bila injini hata moja, ikatua kwenye visiwa vya Azores, na watu wote 306 wakapona. Wanaoumia kwenye mtikisiko mara nyingi ni wale ambao hawakufunga mkanda. Ufunge hata taa yake ikiwa imezimwa. Ukiweza kuchagua kiti, kaa karibu na mabawa, maana mkiani ndiko kunakoruka-ruka zaidi. Safari za asubuhi nazo huwa tulivu, kwa kuwa jua bado halijaichemsha ardhi, na ucheleweshaji wa siku nzima haujarundikana.

Moyo ukienda mbio, vuta pumzi taratibu kupitia puani, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, kwa dakika tatu au nne. Hapa hakuna uganga. Pumzi inapotoka, mshipa wa neva unaopunguza mwendo wa moyo hupata nguvu, kwa hiyo ukirefusha kutoa unarefusha utulivu. Pombe, ambayo wengi huikimbilia, inaleta usingizi lakini inauharibu, na inakukausha mahali ambapo tayari ni pakavu.

Masikio huziba zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda, kwa sababu kimrija kinachounganisha sikio na koo hutoa hewa kwa urahisi lakini kuirudisha ni shida. Meza mate, piga miayo, mpe mtoto anyonye. Usilale usingizi mzito ndege ikianza kushuka, maana aliyelala hamezi mate mara kwa mara.

Miguu inataka mwendo. Utafiti ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo yake mwaka 2007 ulionyesha kwamba kukaa safarini saa 4 au zaidi huongeza mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, ingawa bado ni mtu mmoja kati ya 6,000 hivi. Simama, tembea kwenye ujia, kunja na kukunjua vifundo vya miguu. Aliyewahi kupata tatizo hilo, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Kuhusu uwanja wa ndege sina mengi: fika mapema kuliko unavyodhani inatosha, na weka vimiminika vyako sehemu ya juu ndani ya begi la mkononi, katika vichupa visivyozidi mililita 100. Viwanja vingi bado vinashikilia kikomo hicho, kilichoanza mwaka 2006.

Linalobaki ni saa ya mwili, kwa wanaovuka kanda kadhaa za saa. Kwa watu wengi mzunguko wa saa hiyo unazidi saa 24 kidogo, hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Ndiyo maana kwenda mashariki huumiza zaidi ya kwenda magharibi. Kinachoirekebisha kuliko kingine chochote ni mwanga: ukivuka kanda chache kwenda mashariki, toka nje asubuhi ukifika, ukienda magharibi, kaa kwenye mwanga wa jioni. Hata hivyo mwili hujirekebisha kwa kama kanda moja kwa siku, kwa hiyo mkutano wa maana usiupange kesho yake.