Wilderness Road: Njia ya Walowezi wa Kwanza wa Kentucky
Wilderness Road ni njia iliyofunguliwa mwaka 1775 kuvuka milima ya Appalachia nchini Marekani, na kwa miongo kadhaa ndiyo iliyotumiwa zaidi na walowezi waliotoka Virginia na Carolina Kaskazini kwenda Kentucky.

Mara nyingi Daniel Boone, mwindaji na mvumbuzi wa njia za Marekani, hutajwa kuwa mwanzilishi wake, lakini sifa hiyo inafaa kuwekewa mpaka. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa na makundi ya nyati wa Marekani, na Wacherokee na Washawnee, watu wa asili wa Marekani, waliipita kwa uwindaji, biashara na vita muda mrefu kabla ya Wazungu. Boone, aliyeajiriwa na Richard Henderson wa Kampuni ya Transylvania, iliyokuwa ikitafuta ardhi ya Kentucky, aliunganisha mapito hayo. Machi 1775 aliondoka Long Island, kisiwa katika mto Holston, ulipo leo mji wa Kingsport, Tennessee, akiwa na wanaume wapatao 30 wenye mashoka, wakifyeka vichaka, wakiondoa magogo na kuchanja magome ya miti ili wanaowafuata wasipotee.

Kutoka hapo njia ilipita Moccasin Gap, ikavuka mto Clinch na kufuata bonde la Powell hadi Cumberland Gap, pengo la milima lililo karibu na mahali zinapokutana Virginia, Kentucky na Tennessee. Bila pengo hilo safu ile ya milima isingepitika kwa urahisi, ndiyo maana wanyama, wawindaji na walowezi wote walielekea hapohapo. Ng'ambo yake, baada ya kuvuka mto Cumberland, njia iligawanyika huko Hazel Patch: tawi moja lilikwenda Boonesborough, kwenye mto Kentucky, na jingine Crab Orchard na Harrodsburg.

Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe. Henderson alidai kuinunua kwa Wacherokee huko Sycamore Shoals, ilhali tangazo la mfalme wa Uingereza la mwaka 1763 lilikataza watu binafsi kufanya ununuzi wa namna hiyo, Dragging Canoe, kiongozi wa Wacherokee, aliupinga waziwazi, na Washawnee, waliowinda katika ardhi hiyohiyo, hawakuukubali kamwe. Msafara wa Boone ulishambuliwa kabla haujafika mwisho wa safari, na miongoni mwa waliouawa alikuwemo mtumwa aliyeitwa Sam. Baada yake watumwa wengi walilazimishwa kupita njia hiyo pamoja na mabwana zao, jambo ambalo simulizi za ushujaa wa walowezi hulipita haraka mno.

Kwa takribani miaka 20 njia ilipitika kwa miguu na farasi tu. Ilipanuliwa mwaka 1796, miaka minne baada ya Kentucky kuwa jimbo, ndipo magari ya kukokotwa yakaweza kupita.