Nani kawaambia kwamba huruma ni ruhusa?

Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu na ambaye amelitumikia Kanisa hapa Unguja tangu mimi sijawa padri, alinisubiri Jumapili iliyopita nje ya sakristia akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nimemruhusu kijana fulani aendelee kuimba kwaya ilhali watu wanamsema kwamba anapenda wanaume wenzake. Nilipomjibu kwamba ni kweli, alitoa kauli ambayo nimeshaisikia mara nyingi kupita kiasi, kutoka kwa wazazi, kwa walimu wa Jumapili na hata kwa mapadri wenzangu: "Padri, ukimhurumia mtu wa namna hiyo, umeshaihalalisha dhambi yake." Hoja hii haijibiki vizuri mlangoni, watu wakipita na kusalimia, na mimi nimechoka kuijibu nusunusu. Naijibu hapa kwa urefu.

Kwanza niondoe shaka kuhusu msimamo wangu. Nalishika fundisho la Kanisa Anglikana la Tanzania, kwamba tendo la ndoa lina mahali pake katika ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, na kwamba nje ya hapo ni dhambi, wawe ni wanaume wawili, wanawake wawili, au mwanamume na mke wa jirani yake. Mwaka 2003, Gene Robinson alipowekwa wakfu kuwa Askofu wa New Hampshire kule Marekani huku akiishi na mwenzi mwanamume, Kanisa letu lilikuwa miongoni mwa yale yaliyopinga waziwazi. Mwezi Februari 2023, Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilipokubali maombi ya baraka kwa wenza wa jinsia moja, nilisimamishwa Darajani na jirani Mwislamu, mtu mwema kabisa, akaniambia kwa masikitiko, "Padri, kumbe ninyi mmeshahalalisha." Nilimweleza kwamba Makanisa ya Kianglikana hayana papa, kila moja hujitawala, na uamuzi wa London haufungi altare ya Unguja.

Kuhusu Maandiko nitapita haraka, kwa sababu ugomvi wangu hauko hapo. Mambo ya Walawi 18:22 na Warumi 1:26-27 yanasema yanayosema, na sioni njia ya uaminifu ya kuyafanya yaseme kinyume. Sodoma imeshutumiwa na Ezekieli 16:49-50 kwa kiburi, kwa shibe na kwa kumwacha maskini, pamoja na machukizo; Yuda 7 anaishutumu kwa uasherati; asomaye mmoja na kumwacha mwingine hajasoma. Wanaopenda kunisomea Warumi 1 huifunga Biblia kabla ya sura ya 2, ambako katika mstari wa kwanza kabisa Mtume Paulo anamgeukia yule anayehukumu na kumwambia hana udhuru.

Ugomvi wangu ni huu: watu wanaojiita watetezi wa fundisho la dhambi hawalijui fundisho lenyewe.

Nitatoa mfano mmoja, kwa ridhaa ya mhusika, nikiwa nimebadili yale yanayoweza kumtambulisha. Si yule wa kwaya. Niliitwa jioni kwenye fleti moja ya Michenzani. Baba alikuwa ameketi na Biblia yenye jalada la zipu magotini, mama amesimama kwenye mlango wa jiko, na kijana wao yuko kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, begi lake la nguo limeshafungwa na kuwekwa miguuni. Baba akasema, "Padri, mwombee pepo limtoke, ama aondoke usiku huu huu." Nikamuuliza kijana amefanya nini. Baba akajibu, "Amesema." Nikauliza tena, polepole, amefanya nini. Kimya kikapita, kisha mama akasema, "Hajafanya kitu, Padri. Alimwambia dada yake kwamba moyo wake hauendi kwa wasichana, na dada yake akatuambia."

Mtu anafukuzwa nyumbani usiku, kwa jina la Kristo, kwa ajili ya jambo ambalo hakuna padri aliyefunzwa kusikiliza maungamo angeweza kumpa malipizi kwa ajili yake. Ili dhambi iwe ya mauti panahitajika jambo zito, ujuzi kamili na ridhaa ya hiari. Mtoto wa kipaimara anayafahamu haya matatu kwa kichwa. Ridhaa ya kijana yule iko wapi? Aliridhia nini? Yakobo 1:14-15 anapanga mambo kwa utaratibu ulio wazi: tamaa humvuta mtu, kisha ikichukua mimba huzaa dhambi, kuvutwa hakujawa kuzaa. Waebrania 4:15 anasema Bwana wetu mwenyewe alijaribiwa katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Kama kujaribiwa kungekuwa dhambi, sentensi hiyo isingewezekana kuandikwa. Mkristo wa Zanzibar hana udhuru wa kutoelewa tofauti hii, maana anaishi katikati ya watu wanaofunga: mtu akipita Forodhani alasiri ya Ramadhani, akanusa sambusa na katlesi zinazokaangwa, na njaa ikamkamata hadi mate yakamjaa, hakuna anayemwambia kwamba amefungua.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya katekisimu hulipita kimya. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1546 ulifundisha kwamba tamaa inayobaki ndani ya mtu aliyebatizwa si dhambi kwa maana halisi, bali imetokana na dhambi na humwelekeza mtu kwenye dhambi. Ibara ya 9 kati ya Ibara 39 za Kanisa la Uingereza, yaani tamko lake la mafundisho lililokamilishwa mwaka 1571, inasema kwamba waaminio na kubatizwa hawana hukumu, lakini kwamba tamaa hiyo yenyewe ina asili ya dhambi. Sisi wa Zanzibar tulilelewa na Misheni ya Vyuo Vikuu, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, tukazoea misa, uvumba na kitubio, na mioyo yetu huelekea upande wa Trento ingawa urithi wetu kwenye karatasi ni wa Ibara. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi na sijalimaliza. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba hata Ibara ya 9, isomwe kwa ukali wowote, inazungumzia tamaa ya kila mzaliwa wa Adamu, ikiwamo ya yule mwanamume mwenye ndoa ambaye shingo yake hugeuka kila mwanamke anapopita. Hakuna ibara inayoichagua tamaa ya mtu mmoja na kuifungia begi la nguo.

Watu hunijibu, "Lakini Padri, Biblia inasema tumpende mwenye dhambi na kuichukia dhambi." Biblia haisemi hivyo, hakuna mstari wenye maneno hayo. Chanzo chake kinachojulikana ni barua ya Mtakatifu Agostino, inayohesabiwa kuwa ya 211, aliyowaandikia masista mnamo mwaka 424, akiwataka wayarekebishe makosa kwa upendo kwa watu na chuki kwa maovu. Naomba msomaji azingatie mazingira ya barua hiyo, kwa sababu ndiyo yanayonikera yanapopuuzwa. Agostino aliwaandikia watu wanaokaa nyumba moja, wanaokula pamoja na kusali pamoja. Anaagiza dada aonywe kwanza. Akiendelea, waarifiwe wawili au watatu. Kufukuzwa kupo, lakini ni mwisho wa njia ndefu, kwa anayekataa kabisa kurudi. Mwenye kosa analinganishwa na mtu anayeficha jeraha kwa kuogopa tiba, na kumnyamazia kunaitwa ukatili. Huo ndio upendo pamoja na chuki aliouzungumzia: kazi ya subira, ya karibu, inayofanywa na mtu ambaye kesho atakaa naye meza moja. Sisi tumeichukua kauli hiyo, tukaondoa nyumba, tukaondoa meza, tukaondoa hatua zote za katikati, tukabaki na ruhusa ya kuchukia. Tena hatuitumii kwa mlevi, wala kwa mla riba, wala kwa mzee anayejulikana mtaa mzima kuwa ana nyumba ndogo Fuoni na bado anapita na sahani ya sadaka. Wakorintho wa Kwanza 6:9-10 inawataja walevi, watukanaji na wanyang'anyi katika orodha ileile, kwa pumzi ileile, na mstari wa 11 unawaambia Wakorintho kwamba baadhi yao walikuwa watu wa namna hiyo na wakaoshwa. Walioshwa wakiwa ndani.

Ndivyo pia tulivyolitenda Azimio I.10 la Mkutano wa Lambeth, mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, wa mwaka 1998, ambalo wazee wetu hulinukuu kama ushindi. Lilipita kwa kura 526 dhidi ya 70, na maaskofu 45 hawakupiga upande wowote. Maaskofu wa Afrika waliliunga mkono kwa nguvu. Ndani yake mna tamko kwamba matendo ya ngono ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Ndani yake, katika azimio hilohilo lililopigiwa kura kwa mkupuo mmoja, mna ahadi ya kuwasikiliza watu wenye mvuto huo, tamko kwamba wote waliobatizwa na kuamini ni wapendwa wa Mungu na viungo kamili vya Mwili wa Kristo, na wito wa kuwahudumia wote kichungaji na kulaani woga usio na msingi dhidi yao. Anayenisomea nusu ya kwanza peke yake hatetei Lambeth. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, ambayo majirani zetu Wakatoliki wa kanisa la Minara Miwili wanaifuata, inasema katika namba 2357 kwamba matendo hayo hayawezi kukubaliwa, na katika namba 2358 kwamba watu hao wapokewe kwa heshima, huruma na uangalifu. Namba moja baada ya nyingine, na hakuna aliyewahi kuona kwamba ya pili inaifuta ya kwanza.

Wanaodhani ukali wa imani na huruma havikai kifuani pamoja wamkumbuke Frank Weston, Askofu wa Zanzibar kuanzia mwaka 1908 hadi kufa kwake mwaka 1924. Mtu huyo mwaka 1915 alitangaza kuvunja ushirika na Askofu wa Hereford kule Uingereza kwa sababu ya mafundisho. Hakuna atakayemwita mlegevu. Huyohuyo mwaka 1920 alichapisha kijitabu kupinga Waafrika kulazimishwa kazi, na mwaka 1923 alisimama London akawaambia Wakristo wenzake kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika tabenakulo, kisanduku kinachohifadhi Ekaristi, kama hawamhurumii Yesu katika mitaa ya mafukara. Kanisa Kuu alilolihudumia limejengwa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873. Jengo hilo lisingekuwapo kama kila mtu angeona kwamba kumhurumia aliyefungwa ni kuvuruga utaratibu.

Kuna shauri jingine ninalopewa ambalo ni lazima nilikatae kwa sauti: "Mwozeni, atapona." Mnamzungumzia kijana na mnamsahau binti wa watu. Kumpeleka altareni msichana asiyejua, aape kwa mume ambaye wazazi wake wanajua jambo ambalo yeye amefichwa, ni kumdhulumu mbele ya Mungu, na mimi sitafungisha ndoa ya namna hiyo kama nimelijua jambo hilo.

Lakini nikishakataa hilo, nabaki na swali ambalo sina jibu lake kamili. Fundisho tunaloshika linamtaka kijana huyu aishi useja maisha yake yote. Bwana mwenyewe katika Mathayo 19:11 anasema si wote wawezao kulipokea neno hili, na Paulo katika Wakorintho wa Kwanza 7:7 anauhesabu useja kuwa karama. Ibara yetu ya 32 inasema maaskofu, mapadri na mashemasi hawakuamriwa na sheria ya Mungu kuishi bila kuoa, na mimi nimeoa, nina watoto, narudi nyumbani kwenye sauti zao. Kanisa lililokataa kunilazimisha mimi useja linamwambia kijana wa miaka kumi na tisa aubebe bila kuulizwa kama amepewa karama hiyo, tena katika mji ambao kila harusi shangazi atamuuliza ataoa lini. Naliamini fundisho, na bado naona kwamba tukimtwika mtu mzigo huo tukamnyima na kiti, na chai, na mkono wa salamu, sisi ndio tunaomsukuma kule tunakosema asiende. Jinsi ya kuubeba pamoja naye kwa miaka arobaini au hamsini sijui vizuri, wala sijaona parokia iliyojifunza.

Yule wa Michenzani alilala kwao usiku ule, baada ya mazungumzo marefu na mama kusimama upande wake. Wa kwaya ataendelea kuimba besi. Kuhusu komunyo, yeye ataulizwa ninachomuuliza kila muumini, faraghani, juu ya matendo yake na toba yake, na majibu yake hayatatoka kinywani mwangu. Wazee wanaotaka kuendelea na mjadala huu wanikute Jumatano baada ya misa ya jioni, waje na Biblia na Azimio zima la Lambeth, wala asije mtu na jina la mtu.