Nusu mkate haiko tena: dhana potofu kuhusu uchaguzi usiotoa mshindi

Matokeo ya urais yakikaribiana, hapa Lamu, kuanzia mabaraza ya Mkunguni hadi gati la Mokowe, utasikia kauli ileile: "Hapa hapana mshindi, wakubwa watakaa wagawane." Mwaka 2008, ilipoundwa serikali ya "nusu mkate", yaani ya mahasimu wawili kugawana madaraka, waliosema hivyo hawakukosea. Leo wamekosea, na hasara yake ni kwamba mtu hubaki nyumbani siku ya duru ya pili akidhani mambo yameshamalizwa Nairobi.

"Asipopatikana mshindi, vyama huungana na kuchukua serikali."

Hivyo ni katika nchi ambazo wabunge ndio wanaomchagua kiongozi. Afrika Kusini, katika uchaguzi wa Mei 2024, chama cha ANC kilipata viti 159 kati ya 400, chini ya nusu. Katiba yao inalitaka Bunge jipya likutane ndani ya siku 14 tangu matokeo kutangazwa, kwa hiyo mazungumzo yalikwenda mbio, na tarehe 14 Juni wabunge wakamchagua Cyril Ramaphosa kuwa rais kwa kura 283. Huko, sahihi za vyama huzaa rais.

Kenya sahihi hizo haziwezi. Kifungu cha 138 cha Katiba kinataka mambo mawili kwa pamoja: zaidi ya nusu ya kura, na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Nusu hiyo huhesabiwa kwa kura halali peke yake. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii. Ndiyo maana alama moja iliyokaa vibaya kwenye karatasi ina uzito. Mwaka 2022 William Ruto alipata kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49. Ukipiga hesabu, alivuka nusu kwa takriban kura 70,000 tu katika nchi nzima. Zingepungua hizo, tungerudi kwenye foleni. Na katika sharti la kaunti, Lamu ni kaunti moja na Nairobi ni kaunti moja, jambo ambalo wengi wetu visiwani hatulithamini inavyostahili.

Sharti moja likikosekana, wawili wa kwanza peke yao hurudi kwa wananchi ndani ya siku 30 tangu uchaguzi wa kwanza. Safari hii hakuna sharti la kaunti: mwenye kura nyingi ndiye rais. Aliyeshika nafasi ya tatu anaweza kuweka sahihi mkataba na amtakaye na kumpigia kampeni, lakini hana kura za kumkabidhi. Waliompigia yeye hawana budi kutoka tena, mmoja mmoja.

"Mahakama ikibatilisha, wa pili huapishwa."

La. Kesi hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, huamuliwa ndani ya siku 14, na uchaguzi ukibatilishwa hurudiwa ndani ya siku 60. Mwaka 2017 uamuzi ulitoka tarehe 1 Septemba, na kura zikapigwa upya tarehe 26 Oktoba.

"Watabuni cheo cha Waziri Mkuu kama zamani."

Mkataba wa Kibaki na Raila, uliosimamiwa na Kofi Annan na kutiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, ulihitaji Bunge kubadili Katiba ya wakati ule ndipo cheo kipatikane. Baraza la mawaziri 40 likafuata mwezi Aprili. Katiba ya 2010 haina cheo hicho, na kuibadilisha kupitia Bunge kunataka siku 90 zipite kati ya kusomwa kwa mswada mara ya kwanza na mara ya pili, kisha theluthi mbili ya wabunge katika kila jumba. Duru ya pili ina siku 30. Kalenda yenyewe inakataa.

Mawaziri nao sasa ni kati ya 14 na 22, na waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Mbunge wa Lamu Mashariki akipewa wizara lazima akiachie kiti, na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90. Isitoshe, Kifungu cha 134 kinamzuia rais aliyeko madarakani, tangu siku ya kura hadi mpya aingie, kuteua au kumfuta waziri. Wizara inayoahidiwa katikati ya duru mbili ni maneno matupu.

"Muungano ni viongozi wawili kupeana mikono."

Handisheki si mkataba. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inataka maandishi, idhini ya chombo kikuu cha kila chama na sahihi za maafisa wa kitaifa walioruhusiwa. Ukifanywa baada ya uchaguzi, huwasilishwa kwa Msajili wa Vyama ndani ya siku 21 tangu kutiwa sahihi. Pasipo karatasi, hata hesabu ya nani ana wabunge wengi huyumba. Februari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi wa Spika wa 2022 uliowapa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, upande wa wengi bungeni. PAA, chama chenye mizizi Kilifi, ni miongoni mwa vyama vilivyohama Azimio, muungano wa Raila, kwenda Kenya Kwanza. Chama kikijiunga kwa mkataba halali mbunge wake habanduki kitini. Akihama peke yake, kiti kiko hatarini.

"Gavana naye lazima avuke nusu."

Hapana. Mwenye kura nyingi hushinda, hata akiwa na asilimia 34. Muungano humfaa baadaye, pale bunge la kaunti linapoidhinisha mawaziri wake na bajeti.

"Mageuzi ya uchaguzi ni kubadilisha makamishna wa tume."

Tume ya zamani ya uchaguzi, ECK, ilivunjwa baada ya ripoti ya Jaji Kriegler kuhusu uchaguzi wa 2007. Watu wakabadilika, na bado uchaguzi wa 2017 ulibatilishwa, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya namna matokeo yalivyosafirishwa. Mageuzi yaliyoleta tofauti kubwa zaidi ni ya karatasi moja: fomu 34A, inayoandikwa matokeo ya urais ya kila kituo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa mashinani hayabadilishwi Nairobi, na 2022 picha za fomu hizo ziliwekwa wazi kwa kila mtu kujumlisha.

Kwa hiyo mchunge wakala wa mgombea kituoni Faza au Kiunga kuliko kamishna. Makosa yake yanajulikana. Huondoka kabla ya hesabu kwisha akihofia maji kupwa na boti kukwama. Au husoma tarakimu bila kujumlisha: kura za wagombea wote lazima zitoe idadi ya kura halali, na halali pamoja na zilizokataliwa zilingane na karatasi zilizotoka sandukuni. Zisipolingana, adai hesabu irudiwe palepale. Sheria inaruhusu kurudia mara mbili, si zaidi. Kosa baya kuliko yote ni kususia kutia sahihi. Fomu isiyo na sahihi ya wakala haibatiliki kwa hilo pekee, na msusiaji hubaki mikono mitupu. Aandike sababu zake, achukue nakala yake, kisha aipige picha ile iliyobandikwa mlangoni na kuilinganisha na iliyotumwa kwa KIEMS, mtambo wa kielektroniki wa tume.